Kuchagua Kamera ya Kupigia Picha za Nyota

Usiku wa tarehe 30 Septemba 1880, karibu na mji wa New York nchini Marekani, daktari mmoja jina lake Henry Draper alielekeza darubini yake kwenye wingu hafifu la nuru lililomo katika kundi-nyota la Jabari, ambalo vitabu vya kigeni huliita Orion. Nyuma ya darubini hiyo, yenye lenzi ya upana wa sentimita 28, alikuwa ameweka bamba la kioo lililopakwa kemikali yenye madini ya fedha, naye akaliacha lipokee nuru kwa muda wa karibu dakika 50. Picha iliyopatikana haikuwa safi, lakini ilikuwa ndiyo ya kwanza ya wingu la gesi la angani kupata kupigwa na mwanadamu.

Hivi leo mwanafunzi wa shule ya sekondari, akiwa na kamera ya kidijitali ya kawaida na stendi imara ya miguu mitatu, aweza kulinasa wingu lilo hilo kwa sekunde tano. Bamba la Draper liliweza kutumia sehemu ndogo mno ya nuru iliyolifikia. Kihisi cha kamera ya kisasa huitumia sehemu kubwa ya nuru hiyo. Hata hivyo, si kila kamera inayopendeza mchana hufaa usiku. Shule au chama cha wanafunzi chenye fedha za kununua kamera moja tu kikikosea, kosa hilo hudumu miaka mingi, na mara nyingi kamera huishia kabatini. Kwa hiyo inafaa kufahamu kamera hufanya nini inapotazama nyota, na ni sifa zipi zilizo na thamani ya kulipiwa.

Kamera ya kioo na lenzi moja

Kamera zinazozungumziwa hapa ni zile ambazo madukani hujulikana kwa herufi DSLR. Ndani yake mna kioo kilicholala mshazari kwa pembe ya nyuzi 45. Nuru iingiayo kwa lenzi huakisiwa na kioo hicho kwenda juu, ikapita katika mche wa kioo na kulifikia jicho la mpiga picha. Kitufe kinapobonyezwa, kioo huinuka, pazia lililo nyuma yake hufunguka, na nuru huanguka juu ya kihisi.

Kihisi ni bamba dogo la silikoni lililogawanywa katika mamilioni ya vyumba vidogo viitwavyo pikseli. Nuru ipigapo silikoni hung'oa elektroni, nazo elektroni hizo hukusanyika katika kila pikseli kwa kadiri ya nuru iliyoipata. Pazia lifungapo, elektroni huhesabiwa, na hesabu hiyo ndiyo picha. Kihisi cha kwanza kilichofungua njia kwa kazi hii, aina iitwayo CCD, kilibuniwa mwaka 1969 na Willard Boyle na George Smith katika maabara za Bell nchini Marekani, nao walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2009. Kamera nyingi za miaka ya karibuni hutumia aina nyingine, CMOS, lakini kanuni ya kukusanya elektroni ni ile ile.

Kamera hizi zinapendwa na wapiga picha za nyota kwa sababu tatu. Kwanza, lenzi yake huweza kuondolewa na mahali pake pakafungwa darubini kwa kutumia pete maalumu. Pili, pazia lake laweza kuachwa wazi kwa muda wowote. Tatu, huweza kuhifadhi hesabu ya kila pikseli bila kuipunguza. Tangu mwaka 2020 hivi, wengi wa watengenezaji wakubwa wameelekeza juhudi zao kwenye kamera zisizo na kioo. Hayo hayakuziharibia kamera za kioo sifa zake; bali yamefanya nyingi nzuri ziuzwe kwa bei nafuu zikiwa zimekwisha tumika. Aidha, mengi yasemwayo hapa juu ya kihisi na lenzi yanazihusu aina zote mbili.

Nuru haba na chenga

Adui mkubwa wa picha za usiku ni chenga, yaani vidoadoa vinavyotapakaa katika picha kama vile vinavyoonekana katika televisheni isiyopata mawimbi vizuri. Chenga hizo zina asili tatu.

Asili ya kwanza ni nuru yenyewe. Nuru huja kwa chembe ziitwazo fotoni, na fotoni hazifiki kwa mpango, kama vile matone ya mvua yasivyoanguka kwa mpango juu ya paa. Ikiwa pikseli hupata fotoni 100 kwa wastani, hesabu halisi itapanda au kushuka kwa kiasi cha kipeuo cha pili cha 100, yaani 10. Hilo ni kosa la asilimia 10. Lakini fotoni zikiwa 10,000, kosa ni 100, yaani asilimia 1 tu. Kwa hiyo kadiri nuru inavyokusanywa kwa wingi, ndivyo picha inavyokuwa safi. Hakuna kamera, hata iwe ghali namna gani, inayoweza kuikwepa kanuni hii.

Asili ya pili ni kazi ya kuzihesabu elektroni, kwani mitambo ya umeme iliyomo ndani ya kamera huongeza kosa lake dogo kila picha inaposomwa. Hapa ndipo kamera hutofautiana, na zile mpya kwa jumla huzishinda zile za kale.

Asili ya tatu ni joto. Silikoni iliyo na joto hutoa elektroni hata kama hakuna nuru, na kiasi cha elektroni hizo huongezeka maradufu kwa kila ongezeko la nyuzi 6 hivi za Selisiasi. Kamera ile ile ikitumika Dar es Salaam katika usiku wa nyuzi 27, kisha ikapelekwa nyanda za juu katika usiku wa nyuzi 15, elektroni za joto zitapungua hadi robo. Badiliko la mahali, basi, laweza kuleta faida ambayo badiliko la kamera lisingeileta.

Dawa ya chenga ni kupiga picha nyingi za sehemu ile ile ya mbingu na kuzilimbika kwa kompyuta ili kupata wastani wake. Picha 16 zikilimbikwa, chenga hupungua kufikia robo, kwa kuwa kipeuo cha pili cha 16 ni 4. Zipo programu za kazi hii zipatikanazo bila malipo, kama vile Siril na DeepSkyStacker.

Ukubwa wa kihisi na idadi ya pikseli

Wauzaji wengi hutanguliza idadi ya pikseli. Kwa picha za nyota, idadi hiyo si jambo la kwanza. La muhimu zaidi ni eneo la kihisi.

Kihisi kikubwa katika kamera hizi hulingana na filamu ya zamani: milimita 36 kwa 24, yaani milimita za mraba 864. Kihisi kidogo, kinachopatikana katika kamera za bei nafuu, ni cha milimita 22.3 kwa 14.9 katika kamera nyingi za Canon, na kama milimita 23.5 kwa 15.6 katika zile za Nikon. Eneo lake ni milimita za mraba kati ya 330 na 370 hivi. Kihisi kikubwa, basi, huwa na eneo zaidi ya maradufu ya kile kidogo. Kama vile sufuria pana inavyokinga maji mengi ya mvua kuliko kikombe, kihisi kikubwa hukinga nuru nyingi kutoka sehemu pana zaidi ya mbingu, iwapo lenzi zina urefu fokasi na tundu la namna moja.

Idadi ya pikseli huamua tu namna nuru hiyo inavyogawanywa. Kamera ya Canon EOS 600D, iliyotoka mwaka 2011, ina pikseli milioni 18, na upana wa kila moja ni milimita 0.0043. Canon EOS 6D ya mwaka 2012 ina pikseli milioni 20, karibu sawa na hizo, lakini kihisi chake ni kikubwa na kila pikseli ina upana wa milimita 0.0065. Eneo la pikseli moja ya 6D ni zaidi ya maradufu ya ile ya 600D. Ndiyo maana kamera hizi mbili, zinazolingana kwa hesabu ya pikseli, hazilingani usiku.

Hata hivyo, kihisi kikubwa kina gharama zake. Lenzi zake ni nzito na ghali, na kasoro za lenzi huonekana zaidi pembezoni mwa picha. Kwa chama kinachoanza, kihisi kidogo pamoja na lenzi nzuri ni bora kuliko kihisi kikubwa pamoja na lenzi mbovu.

Kipimo cha ISO

Kila kamera ina kipimo kiitwacho ISO, na matangazo hujivunia tarakimu kubwa kama 25,600 au zaidi. Wengi hudhani kuwa kuongeza ISO ni kukifanya kihisi kione zaidi. Sivyo. Idadi ya fotoni zinazonaswa haibadiliki hata kidogo. ISO ni kama kitasa cha sauti katika redio: kukizungusha hukuza sauti ya msemaji pamoja na mlio wa mikwaruzo. ISO ikizidi mno, nyota zenye kung'aa hujaa na kugeuka nyeupe tupu, rangi zake zikapotea.

Kwa kamera nyingi za aina hii, ISO kati ya 800 na 1600 hutosha. Kwa hiyo ISO ya juu kabisa iliyoandikwa kwenye boksi haifai kuwa sababu ya kununua. Afadhali mnunuzi azitazame picha halisi zilizopigwa na kamera hiyo kwa ISO 1600 katika giza.

Rangi nyekundu inayopotea

Mawingu mengi ya gesi angani hung'aa kwa nuru nyekundu ya haidrojeni yenye urefu wa wimbi wa nanometa 656.3. Nuru hiyo ndiyo inayolipa wingu la Jabari sehemu kubwa ya wekundu wake. Kwa bahati mbaya, mbele ya kihisi cha kila kamera ya kawaida pana chujio linalozuia miale infraredi, ili rangi za mchana zifanane na zile ambazo jicho huziona. Chujio hilo huanza kuzuia kabla ya infraredi yenyewe, na mara nyingi huruhusu kama robo tu ya nuru ya haidrojeni kupita.

Watengenezaji wawili walipata kutoa kamera za kioo zilizokusudiwa nyota, zenye chujio linaloipitisha nuru hiyo kwa wingi zaidi: Canon EOS 20Da ya mwaka 2005, EOS 60Da ya mwaka 2012, na Nikon D810A ya mwaka 2015. Wapo pia mafundi wanaoifungua kamera ya kawaida na kuliondoa au kulibadili chujio lake. Kamera iliyofanyiwa hivyo huona mawingu mekundu kwa uwazi mkubwa, lakini picha zake za mchana huwa na wekundu usio wa kawaida mpaka zirekebishwe.

Shule itafanyaje? Ikiwa kamera ni moja, nayo itatumika pia katika mahafali, michezo na safari za mafunzo, yafaa iachwe kama ilivyo. Mwezi, sayari, vimondo-mkia, vishada vya nyota, galaksi na Njia Nyeupe, ile kanda ya nuru inayokatiza mbingu, vyote hupigwa vizuri na kamera isiyobadilishwa. Kubadili chujio ni hatua ya pili, kwa wale ambao tayari wana kamera ya ziada.

Mambo madogo yenye uzito

Yapo mambo ambayo hayatajwi sana dukani lakini ndiyo huamua kama usiku mzima utaleta matunda au la.

La kwanza ni faili ghafi, maarufu kwa jina la RAW. Faili ya kawaida ya JPEG hugawa mwangaza wa kila rangi katika ngazi 256 tu. Faili ghafi ya biti 14 huugawa katika ngazi 16,384. Wingu hafifu la gesi hukaa katika ngazi chache za chini kabisa. Katika JPEG ngazi hizo huungana na giza.

La pili ni skrini inayoonyesha taswira moja kwa moja na kuikuza mara 10 hivi. Lenzi haiwezi kujifokasi yenyewe kwa nyota iliyo hafifu. Mpiga picha huchagua nyota inayong'aa, mathalani Suheli au Sirius, akaikuza kwenye skrini, kisha akazungusha pete ya lenzi polepole mpaka nyota iwe nukta ndogo kabisa. Kamera nyingi za kabla ya mwaka 2007 hazina uwezo huo, na kwa sababu hiyo pekee ni vema kuziepuka.

La tatu ni njia ya kuliongoza pazia bila kuigusa kamera. Waya wa kubonyezea, hasa ule wenye saa ya kupanga picha nyingi mfululizo, huzuia mtikisiko. Uwezo wa kukiinua kioo kabla ya pazia kufunguka husaidia pia, hasa kamera inapofungwa kwenye darubini.

La nne ni betri. Pazia likikaa wazi, umeme hutumika kila sekunde, na betri moja aghalabu haimalizi usiku. Betri za akiba zipatikane kwa urahisi mahali kamera itakapotumika.

Lenzi ni nusu ya kamera

Fedha zilizobanwa kwenye kamera yafaa zielekezwe kwenye lenzi. Lenzi ndogo inayouzwa pamoja na kamera nyingi ina urefu fokasi wa milimita 18 hadi 55, na tundu lake likiwa wazi kabisa katika milimita 18 ni f/3.5. Lenzi ya milimita 50 yenye tundu la f/1.8 ni miongoni mwa lenzi za bei ya chini kabisa kwa watengenezaji wengi. Mwangaza unaofika kwenye kihisi hulingana na kinyume cha mraba wa tarakimu ya f. Kwa kuwa 3.5 ikigawanywa kwa 1.8 ni 1.94, na mraba wake ni karibu 3.8, lenzi hiyo ya f/1.8 huleta mwangaza karibu mara nne kwa kila milimita ya mraba ya kihisi. Ni nadra kubadili kamera kukaleta faida ya kiasi hicho.

Lenzi inapofunguliwa kabisa, nyota za pembeni hutoka zikiwa na mabawa. Kuibana kidogo, kutoka f/1.8 hadi f/2.8, hupunguza kasoro hiyo. Lenzi za kuzungusha kwa mkono za miaka ya filamu nazo hufaa sana, maadamu pete ya kuiunganisha na kamera ipo.

Mbingu haisimami

Dunia inapozunguka, nyota huonekana kusogea. Wapiga picha wengi hutumia kanuni nyepesi: 500 igawanywe kwa urefu fokasi katika milimita, na kwa kihisi kidogo jibu ligawanywe tena kwa 1.5 au 1.6. Kwa lenzi ya milimita 50 katika Canon EOS 600D, 500 ÷ 50 ÷ 1.6 ni sekunde 6 na ushei.

Je, kanuni hiyo yatosha? Nyota humaliza mzunguko wa nyuzi 360 katika saa 23 na dakika 56. Nyuzi moja ikigawanywa katika sehemu 3,600 ziitwazo sekunde za tao, nyota iliyo juu ya ikweta ya mbingu husogea sekunde za tao 15 kwa kila sekunde ya saa. Pikseli ya milimita 0.0043 nyuma ya lenzi ya milimita 50 huona pembe ya sekunde za tao 18. Nyota, basi, huvuka pikseli moja kwa sekunde 1.2, na katika sekunde 6 huvuka pikseli tano. Katika picha ndogo mstari huo hauonekani. Katika picha iliyokuzwa huonekana wazi. Anayetaka nyota za duara hana budi kuukata muda huo nusu au zaidi.

Nyota zilizo karibu na ncha za mbingu husogea polepole, bali zile za ikweta ya mbingu husogea kwa kasi kuliko zote. Katika Afrika ya Mashariki ikweta hiyo hupita karibu na utosi, na nyota tatu za mkanda wa Jabari ziko karibu kabisa nayo. Kwa sababu hiyo, anayefuata maelekezo yaliyoandikwa kwa ajili ya Ulaya hutumia nyota za kaskazini kama kipimo, kisha akashangaa kuona mistari anapopiga zile za utosini.

Tiba ya kweli ni kuifanya kamera iifuate mbingu. Zipo stendi zenye mota kwa kazi hiyo, na baadhi ya kamera za Pentax, kama K-1 ya mwaka 2016, huweza kukisogeza kihisi chenyewe kwa muda mfupi kufuata nyota kwa msaada wa vipimo vya GPS. Lakini karakana ya shule yaweza kutengeneza chombo chake: mbao mbili zilizounganishwa kwa bawaba, na parafujo ya M6 inayousukuma ubao wa juu. Kila mzunguko wa parafujo hiyo husogeza milimita 1. Ikiwekwa milimita 229 kutoka kwenye bawaba na kuzungushwa mara moja kwa dakika, ubao huifuata mbingu. Hesabu yake ni hii: duara yenye nusu kipenyo cha milimita 229 ina mzingo wa milimita 1,439, nayo siku ya nyota ina dakika 1,436. Kwa kuwa parafujo ni mnyoofu ilhali njia ya ubao ni tao, kosa hujilimbika polepole. Dakika chache kwa kila picha ndiyo kadiri ya busara.

Bawaba haina budi kuwa sambamba na mhimili wa dunia. Huko Ulaya huielekeza kwenye nyota ya kaskazini. Dar es Salaam, iliyo nyuzi 6.8 kusini mwa ikweta, nyota hiyo haionekani, na ncha ya kusini iko nyuzi 7 hivi tu juu ya upeo wa macho. Kwa hiyo bawaba hulala karibu sawa na ardhi kutoka kaskazini hadi kusini, mwisho wake wa kusini ukiinuliwa nyuzi 7 hivi. Dira ya sumaku hutosha kuupata mwelekeo, mradi irekebishwe kwa tofauti iliyopo kati ya kaskazini ya sumaku na kaskazini ya kweli.

Kununua kamera iliyokwisha tumika

Kwa kuwa vyama vingi vitanunua kamera zilizotumika, majaribio manne mafupi yafaa yafanywe kabla ya kulipa.

1. Lenzi ifunikwe kabisa, pazia liachwe wazi sekunde 30 kwa ISO 1600. Picha ikikuzwa itaonyesha nukta chache za rangi, nalo ni jambo la kawaida. Mikanda ya mwanga au nukta nyingi mno ni dalili ya kihisi kibovu.

2. Ipigwe picha ya mbingu ya mchana iliyo mbali na jua, tundu likibanwa hadi f/16. Madoa meusi yenye ukungu ni vumbi, nalo husafishika. Mstari mkali usiobadilika ni mkwaruzo, nao hautibiki.

3. Tochi imulikwe kupitia lenzi. Nyuzinyuzi kama za buibui ndani yake ni kuvu, ugonjwa wa kawaida wa lenzi zilizokaa pwani au mahali penye unyevu. Lenzi ya namna hiyo isinunuliwe, na isihifadhiwe pamoja na nyingine.

4. Iulizwe pazia limefunguka mara ngapi. Kamera nyingi za daraja la kati zilikadiriwa mara 100,000 hadi 150,000. Iliyokaribia kiasi hicho yaweza kuendelea bado, lakini bei yake ipungue.

Hadhari juu ya jua

Tarehe 1 Septemba 2016, watu wengi walikusanyika Rujewa, mkoani Mbeya, kuliona jua likipatwa na kubakia kama pete. Katika tukio la namna hiyo kamera ya kioo ni chombo cha hatari. Lenzi huikusanya nuru ya jua, na kioo huipeleka moja kwa moja kwenye jicho. Jicho laweza kuharibika daima kabla ya mtazamaji kuhisi maumivu. Chujio maalumu la jua lifungwe mbele ya lenzi, si nyuma yake, na likae hapo muda wote jua linapolengwa. Filamu za eksirei, miwani ya jua na vioo vilivyotiwa masizi havitoshi.

Matumizi katika shule

Kwa muhtasari, mnunuzi aanze na lenzi yenye tundu pana na stendi imara. Kisha kamera yenye faili ghafi, skrini ya kukuza taswira na pazia la muda mrefu. Baadaye ukubwa wa kihisi. Na mwisho kabisa idadi ya pikseli. Usiku usio na mwezi, mbali na taa za mji, una faida kuliko vyote hivyo, nao hauuzwi.

Wakazi wa Afrika ya Mashariki wanaona karibu mbingu yote, ya kaskazini na ya kusini. Katika miezi ya Juni hadi Agosti, wakati wa kiangazi sehemu nyingi, kitovu cha Njia Nyeupe hupanda juu sana usiku. Katika Desemba na Januari, Jabari na Kilimia huonekana pamoja na Mawingu ya Magellan yaliyo chini upande wa kusini.

Picha hizo zaweza pia kuwa vipimo. Kwa lenzi ya milimita 200, miezi minne mikubwa ya Mshtarii huonekana kama nukta kando ya sayari. Darasa likiipiga kila usiku kwa majuma matatu, wanafunzi wataweza kukadiria muda wa mzunguko wa Callisto, ulio karibu siku 16.7. Vilevile, pikseli za kijani za kamera hizi zimethibitika kufaa kupimia mwangaza wa nyota zinazobadilika. Chama cha AAVSO cha Marekani hupokea vipimo vya namna hiyo kutoka kwa wachunguzi wasio wanataaluma ulimwenguni kote. Nyota nyekundu ya Betelgeuse katika Jabari ilipofifia kwa ghafla mwishoni mwa mwaka 2019 na mwanzoni mwa 2020, wachunguzi wa namna hiyo walikuwa miongoni mwa walioufuatilia mwangaza wake usiku hata usiku. Shule yenye kamera moja iliyochaguliwa vizuri, daftari la kumbukumbu na mwalimu wa kuongoza yaweza kuanza kazi hiyo muhula huu, kwa kupiga picha za Betelgeuse na nyota jirani zake kila juma na kulinganisha mwangaza wake kwa grafu.